Nyeusi Bodi, Nyekundu Betri

Vijana wa karakana, tangu nistaafu mmekuwa mkinipigia simu kuniuliza taa ya taiming iko wapi. Wiki ya kwanza mlipiga mara tatu. Mmetafuta kwenye kabati la spana kubwa, mmetafuta nyuma ya kompresa, mkafikia hatua ya kumsingizia mlinzi, ambaye hata taa ya kuendea chooni hana. Kila mara nimewajibu, "Nitawaambia," kisha nikakata simu na kuanza kuzunguka uani kama mimi ndiye niliyepotelewa. Jibu ninalo. Ila ni refu na kwenye simu halikai. Ndiyo maana nimeandika.

Isitoshe, nahitaji kitu cha kufanya. Kustaafu sikuwezi. Kukicha niko macho, nimelala chali hapa Nyasho nasikiliza magari ya watu yakiwashwa. La jirani taiming yake imechelewa, linavuta kwa shida kama limebeba mawe, na natamani kuruka ukuta nikafungue boneti kabla hajaondoka. Ile saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga nashukuru sana. Inachelewa dakika nne kila siku. Nimeshaifungua mara mbili, na mke wangu ameniambia, "Hata zawadi unachokonoaga? Kaa chini, baba." Nakaa. Nikikaa, mguu unacheza wenyewe.

Mtakumbuka pia mlivyokuwa mkinitania kwamba mzee anasalimia betri. Ni kweli. Kwa miaka yote mliyonijua, kabla sijabana kitu chochote kwenye gari la zamani, nilikuwa naweka kidole kwenye nguzo ya betri, nafuata waya mpaka unapoishia, narudi, nafuata na wa pili. Mlidhani ni uzee. Wengine walidhani nasali. Sikuwahi kuwaambia sababu, na sababu ndiyo hiyohiyo taa mnayoitafuta.

Nilifika karakana ya Iringo, mjini Musoma, siku ya kwanza nikiwa nimevaa shati jeupe la kanisani. Mama yangu alitoka nami kijijini, huko Majita, akisisitiza kwamba mtu haendi kuomba kazi kama anakwenda kuvua. Fundi Masatu, aliyekuwa mkuu wa karakana, aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu, akanipa ndoo ya dizeli na gia boksi la lori la kuosha. Hakusema neno lingine mpaka saa saba. Saa saba alisema, "Shati lilikuwa zuri." Nilijua hapo kwamba nimepata mwalimu.

Aliyenifundisha kuosha mikono kwa mchanga na sabuni ya unga alikuwa Maregesi. Alinitangulia kazini kwa mwaka mmoja. Kwao ni Butiama, upande wa Mwitongo, na alikuwa mfupi, mpole, mwenye kuimba kwa sauti ya chini akiwa chini ya gari. Alikuwa na kitu ambacho sijakiona tena kwa fundi yeyote, mimi nikiwamo. Alikuwa na sikio. Gari likiingia getini alishajua linaumwa nini kabla dereva hajashuka. Kuseti taiming alikuwa anafumba macho, anashika distributa, ile inayogawa umeme wa plagi, kwa mkono mmoja, anaizungusha kidogo kidogo huku injini ikinguruma, halafu anaacha. "Hapo." Fundi Masatu akileta taa kuhakikisha, alama inakutwa palepale. Nilimwonea wivu, na siyo wivu wa kupita. Nililala nao na kuamka nao.

Kwa wale mliokuja juzi na kompyuta zenu, nieleze hiyo taa inafanya nini, maana siku hizi mnachomeka waya na gari linawaambia lenyewe linaumwa wapi. Katika injini za zamani plagi lazima iwashe mafuta kidogo kabla ya pistoni kufika juu. Ikiwahi, injini inagonga, na hendeli ya kuwashia inaweza kukuvunja mkono. Ikichelewa, gari halina nguvu na linachemsha. Kwenye puli ya krenki, gurudumu dogo la mbele ya injini, kuna alama ndogo, unaipaka chaki. Taa inamulika mara moja kila plagi namba moja inapopiga, kwa hiyo ukielekeza mwanga kwenye puli inayozunguka, ile chaki inaonekana imesimama tuli. Mara ya kwanza nilipoiona nilichungulia nyuma ya puli kutafuta aliyeishika. Taa ina vibanio vitatu. Kimoja kinabana waya wa plagi namba moja, na hicho ni cha kupata habari tu. Viwili, chekundu na cheusi, ni vya kula umeme.

Taa yetu ilikuwa moja, na sikusikia karakana nyingine mjini iliyokuwa nayo. Fundi Masatu aliifunga kwa kipande cha kitenge, akaiweka kwenye kopo la biskuti, kopo ndani ya sanduku la mbao, sanduku likawa na kufuli. Ufunguo alimpa Maregesi. Kwetu pale huo ufunguo ulikuwa ndio cheo. Aliyeushika alikuwa anaachiwa karakana mkubwa akisafiri, na kila mtu alielewa kwamba ndiye atakayeirithi.

Sasa waya wa umeme wa taa hiyo ulikuwa mfupi. Kufikia nguzo zote mbili za betri ilikuwa lazima uikumbatie injini. Kwa sababu hiyo Fundi Masatu alitufundisha kanuni ambayo tuliisema kila siku kama watoto wa shule: nyeusi bodi, nyekundu betri. Yaani kibanio cheusi bana popote kwenye chuma cha gari, kwa kuwa bodi imeunganishwa na upande wa kutoa wa betri, yaani hasi. Chekundu peleka kwenye ile nguzo ya betri ambayo haijaenda kwenye bodi. Kanuni ilifanya kazi kwa kila Landrova na kila pikapu iliyoingia mle ndani. Hakuna aliyewahi kuuliza kama itafanya kazi kwa gari lolote lingine. Mimi ndiye niliyekuja kujua.

Siku hiyo Fundi Masatu alikuwa ameitwa Bunda, lori lilikuwa limekufa barabarani. Ikaletwa Moris kuukuu ya muuguzi mmoja mstaafu, gari dogo la duara, rangi ya majivu. Mimi ndiye niliyepewa. Nikabadilisha plagi, nikasafisha pointi za distributa, ikabaki taiming. Ilikuwa wakati wa chai. Maregesi alivua koti la kazi, akalitundika kwenye msumari, akaenda kwa mama muuza chapati ng'ambo ya barabara. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa lile koti. Niliwaza kwamba atakaporudi akute gari limeshasetiwa, na siyo kwa sikio, kwa taa. Nilitaka tu aone kwamba hata mimi naweza.

Nikafungua sanduku. Nikafungua kopo. Nikabana cheusi kwenye bodi. Betri ilikuwa imejaa ule unga wa kijani na grisi ya miaka, alama hazionekani. Sikuhangaika kufuta, kwa kuwa kanuni nilikuwa nayo kichwani. Nikatazama nguzo ipi haijaenda kwenye bodi, nikabana chekundu hapo. Hata injini sikuwa nimewasha. Ikasikika "tss" ndogo, kama tone la maji kwenye kikaango, halafu harufu. Nikabandua haraka. Nikavibana tena, labda mara ya pili itapona. Haikuwaka tena.

Ndipo nilipofuta ile grisi kwa kidole. Moris hiyo ilikuwa ya zile za kale ambazo upande wa kujumlisha ndio umefungwa kwenye bodi. Kila kitu kilikuwa kinyume. Nilikuwa nimeilisha taa umeme wa kinyumenyume, na taa ya aina ile haisamehe.

Nilikuwa na kama dakika kumi kabla Maregesi hajarudi. Nilizitumia kuifunga taa kwenye kitenge vilevile ilivyokuwa, kuirudisha kwenye kopo, kufunga sanduku na kurudisha ufunguo kwenye koti. Maregesi aliporudi alikuwa amenibebea chapati moja kwenye karatasi. Akasikiliza Moris, akaizungusha distributa mara moja. "Hapo," akasema. Muuguzi akaja akachukua gari lake, akatushukuru wote wawili.

Kesho yake Fundi Masatu alitaka taa. Haikuwaka. Akainusa. Akamgeukia Maregesi.

"Nani ameshika hii taa?"

"Sijaishika, mzee. Tangu uondoke sijafungua hata sanduku."

"Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi."

"Uliutoa?"

"Hapana. Ulikuwaga kwenye koti yangu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao nikiwa na spana namba kumi na nne mkononi. Ningeweza kusema. Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko nilivyorudia rozari, na kila nikiirudia nasema. Siku yenyewe sikusema. Fundi Masatu hakufoka. Alinyoosha kiganja, Maregesi akaweka ufunguo. Akanigeukia mimi, akauweka mkononi mwangu. "Shika wewe." Nilishika.

Maregesi alibaki nasi wiki mbili. Hakugombana na mtu. Aliacha kuimba tu. Halafu akafungasha, akasema amepata kazi Bunda ya kuangalia mashine ya kusaga. Siku ya kuondoka alinipa mkono na kuniambia, "Uitunze hiyo kufuli, inakwamaga." Nilimsindikiza mpaka stendi, nikambebea begi. Huko kumbebea begi kunaniuma kuliko mengine yote.

Miezi iliyofuata tuliseti taiming kwa balbu ya kawaida. Mliosoma mnaijua: waya mmoja wa balbu kwenye distributa, mwingine kwenye bodi, unazungusha injini kwa mkono polepole mpaka pointi zifunguke na balbu iwake. Njia nzuri, tena balbu haijali kujumlisha wala kutoa. Ila inapima injini ikiwa imelala, nayo ikiamka ina tabia zake. Magari yalirudi. "Yule mfupi yuko wapi?" wenye magari waliuliza. Baadaye Fundi Masatu akapata taa nyingine, ndiyo hiyo mnayoijua ninyi, yenye mshikio mweusi uliofungwa utepe. Sanduku lilelile, kufuli lilelile, ufunguo kwangu.

Kazi ngumu ninayoikumbuka zaidi ya miaka ile ilikuwa Bunda. Tuliitwa kwenye Foksiwageni ya zamani sana ya mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya kilimo. Nilifuata waya kwa kidole, nikaridhika, nikabana vibanio mahali pake, taa haikuwaka. Nilidhani nimeunguza na ya pili. Kumbe betri ya gari lile ilikuwa ya volti sita, na taa yetu inataka kumi na mbili. Mtoto hashibi nusu kikombe. Jirani kulikuwa na lori limeegeshwa, nikamwomba dereva betri yake, nikaiweka chini kando ya Foksi. Chekundu na cheusi nikabana kwenye betri ya lori, na kile cha tatu tu nikakibana kwenye waya wa plagi ya Foksi.

Mzee wa duka akaja mbio. "Wee fundi! Unaniletea umeme ya lori kwenye gari yangu? Itapasuka hiyo!"

"Haiingii kwenye gari, mzee. Taa inakula hapa, inaangalia kule."

"Inakula kwa jirani?"

"Ndiyo."

"Basi imezoea tabia mbaya," akasema, akakaa kutazama.

Chaki ikasimama tuli. Tangu siku hiyo natembea na betri ndogo ya pikipiki kwenye begi langu, ndiyo maana begi liliwavunja mabega kila mlipojidai kunisaidia. Taa haijali umeme ni wa nani. Ukiwa na betri yako mwenyewe pembeni, gari liwe la volti sita, liwe la kinyume, halikuhusu. Nusu ya hofu za kazi hii zinaisha hapo.

Lakini siandiki kuhusu Foksi. Nilipomaliza, nikauliza mashine ya kusaga iko wapi, nikaelekezwa nyuma ya soko. Niliisikia kabla sijaiona. Nikasimama mlangoni. Maregesi alikuwa ndani, mweupe kwa unga mpaka kope, ameziba masikio kwa vipande vya pamba, ameinamia mashine inayonguruma mpaka mabati yanatetemeka. Hakuniona. Nikajiambia kwamba kwa kelele zile hata nikisema hatasikia, ngoja nije siku nyingine kukiwa kimya. Nikaondoka. Nilipita Bunda mara nyingi baada ya hapo, na kila mara mashine ilikuwa inanguruma, na kila mara nilishukuru.

Fundi Masatu alipougua nilikwenda kumwona kijijini kwake. Alikuwa amekonda, ila macho yalikuwa yaleyale ya siku ya shati. Nikamwambia nina jambo. Akanikatiza.

"Ni ile taa?"

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Ile Moris ilirudishwaga wiki ya tatu, wewe ulikuwa umeenda kwenu. Nikaangalia betri, nikaona kujumlisha imefungwa kwenye bodi. Maregesi hakuwa na haja ya taa, Majura. Nani mwingine angeibana?"

"Sasa mzee, mbona hukusema?"

"Maregesi alishaondoka. Na ufunguo nilishautoa mbele ya watu." Akageuzia uso ukutani kidogo. "Na ile kanuni ni mimi niliwafundisha. Nyeusi bodi. Nani alitaka watu wajue?" Kisha akaniagiza. "Taa ni yako sasa, nimeinunua mwenyewe, siyo ya karakana. Lakini nenda ukamwambie. Mimi nimeshindwa, wewe bado una miguu."

Nikaahidi. Akafariki mwezi huohuo, na alinifanyia wema kwa kufa bila kuniuliza kama nimekwenda. Sikwenda. Nilikuwa na kazi nyingi, na kazi nyingi ni mahali pazuri pa kujificha, hasa ukiwa unasifiwa kwa hiyo kazi. Nikawapokea ninyi mmoja baada ya mwingine. Kanuni ya nyeusi bodi sikumfundisha hata mmoja wenu.

Mwezi wangu wa mwisho kazini mke wa Maregesi alipiga simu karakana. Mmoja wenu aliipokea, akaniletea akisema kuna mama wa Butiama anamtaka mwenye taa. Alinieleza kwamba mumewe amerudi nyumbani siku nyingi, ameokota Landrova iliyokufa, ameifufua kipande kwa kipande kwa miaka minne. Inawaka ila haina nguvu, taiming haikai.

"Yeye si anasetiga kwa sikio?" nikauliza.

"Hayo masikio yako wapi, shemeji? Mashine ilishayala. Hata mimi nikimwita lazima nimguse. Anasema aje yule mwenye taa, atakuwa bado anayo."

Nilikaa na ile simu mkononi mpaka mkaniuliza kama kuna msiba. Lile sikio. Lilikwenda kwenye mashine ya kusaga kwa sababu mimi nilishika spana namba kumi na nne nikanyamaza. Nilimwambia nitakuja wiki ijayo, nikaja kwenda baada ya wiki sita. Kwa hiyo mlipopiga simu wiki ile ya kwanza, taa ilikuwa chini ya kitanda changu, na mimi juu yake, macho yakiwa wazi.

Mwishowe mke wangu alichoka kutembea kwangu. "Huko Butiama nenda ukarudi," akasema. "Utatoboa sakafu." Nikanunua sato wawili wakubwa, nikabeba begi na betri yangu ya pikipiki, nikaenda.

Maregesi alinipokea kwa mikono miwili. Amenenepa, kichwa cheupe, na anaongea kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Landrova ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, mkewe alikuwa akipepeta mtama kwenye ungo, na majirani wawili walikuwa wamekuja kuona kama gari litapanda mlima. Alinionyesha kila boliti. Kisha akawasha, akaweka kiganja juu ya madigadi, maana sasa hivi anasikiliza kwa kiganja. Injini ilikuwa inanguruma vibaya, imechelewa.

Nikasema, "Maregesi, ile taa niliiunguza mimi."

Aliona midomo ikisogea. Akatikisa kichwa kukubali, akanionyesha dole gumba. Nikasema tena. Akatikisa tena. Nilikuwa nimeshasema, mara mbili, mbele yake, na nadhani kuna siku katika maisha yangu ningelihesabu hilo kuwa limetosha. Ningeseti taiming, ningekula, ningerudi Musoma. Mkono wangu wenyewe ndio ulioingia dirishani ukazima injini.

Kukawa kimya. Kuku tu. Na nikajua kwamba jambo nililosubiri miaka yote kulisema kwa sauti ya chini, palipo kimya, watu wawili tu, halitasemeka hivyo tena.

"Ile taa ya Fundi Masatu niliiunguza mimi!" nikapiga kelele. "Wewe hukuigusa! Nilichukua ufunguo kwenye koti lako!"

Ungo ukaacha kupepeta. Majirani wakatazama chini. Maregesi alinitazama mdomoni kwanza, kisha machoni, kisha akakaa juu ya bampa.

"Mke wangu amesikia?"

"Amesikia."

"Na hawa?"

"Wamesikia."

"Mama yangu alikufa akijuaga ni mimi," akasema, kwa ile sauti yake kubwa, kwa hiyo na hilo wote wakalisikia. "Nilimwambia siyo mimi. Akasema, basi mwanangu, yaishe. Hakuamini." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ufunguo uko wapi?"

Nilikuwa nao. Sanduku lililiwa na mchwa zamani, kufuli liliota kutu nikalitupa, ila ufunguo mdogo ule sikuwahi kuutoa kwenye mnyororo wa funguo zangu. Nikautoa. Akaugeuza kiganjani, akaucheka kidogo bila furaha.

"Sasa nifungulie nini?"

Akautia kwenye mfuko wa shati. Akasimama, akanyoosha mkono. "Lete taa."

Nikatoa na betri ya pikipiki. Akaisukuma kando. "Weka kwenye betri ya gari." Akafungua mfuniko wa betri ya Landrova, akasugua nguzo kwa dole gumba mpaka alama zikaonekana, akafuata waya kwa kidole mpaka kwenye bodi. Lilikuwa la kale kuliko Landrova zetu za karakana, la kinyume, kama ile Moris. Akashika kibanio cheusi hewani, akanigeukia kama Fundi Masatu alivyokuwa akitugeukia.

"Nyeusi wapi?"

"Kwenye alama ya kutoa!" nikapaza. "Siyo bodi!"

"Kumbe unajuaga," akasema.

Akabana mwenyewe. Mkewe akapanda kuwasha. Maregesi akainama na taa, mkono mmoja kwenye distributa, na chaki ikaanza kusogea, ikasogea, ikasimama. Sasa hivi hafumbi macho. "Hapo," akasema. Aliweka kiganja kwenye madigadi, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tulikula ugali na wale sato. Alinimegea upande wa kichwa, ambao ndio mzuri, lakini hakuniongelesha. Nilipoanza kukusanya vitu vyangu nikakuta taa imefungwa kwenye kipande cha kitenge cha mkewe, iko mapajani kwa Maregesi. "Hii inabaki," akasema. Sikuuliza mpaka lini. Sijui kama amenisamehe. Hakusema, na mimi sina haki ya kudai. Bado naamka kabla ya jogoo, bado mguu unacheza, na kesho naifungua ile saa mara ya tatu.

Kwa hiyo acheni kumsumbua mlinzi. Taa iko Butiama kwa Fundi Maregesi, ukivuka Mwitongo, nyumba yenye Landrova mbele. Ni yake. Mkiletewa gari la zamani mpelekeeni, au mwombeni aje. Mkifika, semeni kwa sauti.